Ramadhani 19: Kijana Aliyengoja Gemu

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Tafakuri ya leo ni ndefu kuliko ya jana, mnisamehe. Isome ukipumzika baada ya adhuhuri, au iache mpaka baada ya futari, hakuna haraka. Ina deni ndani yake, na mdaiwa ni mimi.

Mliohudhuria darsa ya alasiri siku ya Jumatatu mtakumbuka. Nilikuwa nazungumzia kupoteza wakati, nikatoa mfano wa kijana mmoja wa hapa mtaani. Nilimkuta nje ya msikiti, kabla ya iqama, akiwaonyesha wenzake kwenye simu video ya gemu la mbio za magari ambalo bado halijatoka. Jina la gemu sina haja ya kulitaja, maana mwakani litakuwa jingine. Nikasema kwa mzaha kwamba wako watu wamefunga tumbo, lakini wanaolingoja si mwezi wa Idi, ni gemu. Watu wakacheka. Sikumtaja mtu. Lakini nilimtazama, na nyinyi mkageuka mkatazama nilikotazama. Alikuwa safu ya pili, karibu na nguzo. Tangu siku hiyo sijamwona, si alasiri wala tarawehe. Leo ni Alhamisi.

Jana baada ya dhuhuri nikaenda kwao. Hakuwapo. Nikampata bibi yake amekaa barazani anachagua mbaazi. Nikamwamkia, akaitikia, akanikaribisha, kisha akasema (naandika kama alivyosema): "Mwanangu, mbele za watu mimi nakuita Shekhe. Lakini nakujua tangu ukivaa kaptula ya shule. Si wewe uliyekuwa ukishinda saiba mwezi wa Ramadhani, mamako akikutafuta magharibi hii hapa?"

Nikanyamaza. Kwa sababu ni kweli.

Sasa ndugu yangu, jambo hili sikulisema kwenye darsa, na nililijua wakati ule ule ninapowachekesha watu. Mwaka 2010 Ramadhani iliingia mwezi wa Agosti. Nilikuwa nyumbani, nimefunga chuo cha ualimu, miaka yangu karibu thelathini, si mtoto. Binamu yangu aliyekuwa akifanya kazi Muscat alikuja na PlayStation 3, na ndani yake mna gemu linaitwa Gran Turismo 5 Prologue. Lile halikuwa gemu kamili. Lilikuwa kionjo, kama mpishi anavyokupa kaimati moja ili usiondoke. Gran Turismo ya kwanza ilitoka Japani mwisho wa mwaka 1997, chini ya bwana mmoja, Kazunori Yamauchi, ambaye hakutaka magari ya katuni. Alitaka gari la kwenye kioo liwe zito pale ambapo gari la kweli ni zito, na liteleze pale ambapo la kweli linateleza. Ya nne ilitoka mwisho wa 2004. Kisha watu wakaanza kungoja ya tano. Wakangoja karibu miaka sita.

Na ilikuwa ikiahirishwa! Mwanzo wa 2010 ilitarajiwa Japani mwezi Machi, wakaisogeza. Mwezi Juni ikatangazwa tarehe 2 Novemba. Nikaiandika tarehe hiyo nyuma ya daftari langu la mazoezi ya kufundisha. Ramadhani yote nilikuwa naenda saiba, nalipa kwa dakika, nangoja video ya nusu dakika ifunguke robo saa. Tuliambiwa kutakuwa na magari zaidi ya 1000. Nikasoma orodha mpaka nikaihifadhi. Usiku wa 27 nilikuwa msikitini nimesimama kwenye qiyamu nyuma ya imamu aliyekuwa akilia katika kisomo chake, na mimi kichwani mwangu nilikuwa napiga kona za Nürburgring, ile barabara ya mbio ya Ujerumani yenye urefu wa karibu kilomita 21, nikihesabu wapi nitapunguza gia. Sisemi nilipitiwa na wazo likaondoka. Nilikuwa huko. Nilitoa salamu nikiwa huko.

Sasa nani mwenye haki ya kumcheka nani?

Tuanze na la fiqhi tulimalize haraka, maana najua mtaniuliza. Mchezo wenyewe, ukiwa hauna kamari ndani yake, hauli swala zako, wala haukutumii pesa za matumizi ya nyumbani, sina dalili ya kuuharamisha, na sitaki kujitungia. Kamari nimeitaja makusudi, kwa sababu yako magemu ya siku hizi yanamuuzia mtoto sanduku lililofungwa kwa pesa za kweli, hajui atatoa nini ndani. Hilo wazazi liangalieni. Ama mbio, mbio zina asili katika dini yetu. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliandaa mbio za farasi Madina. Farasi waliokwisha kuandaliwa walikimbia kutoka Hafyaa mpaka Thaniyyatul Wadaa, na ambao hawakuandaliwa walikimbia masafa mafupi zaidi, kutoka Thaniyyatul Wadaa mpaka msikiti wa Bani Zuraiq. Abdallah bin Umar alikuwa mmoja wa waliokimbia. Angalia hapo: msikiti ndio uliokuwa mwisho wa mbio, na sijasikia kwamba aliyesimama mlangoni aliwacheka vijana kwa kupenda kasi.

Basi nilikosea wapi? Nimelala na swali hili siku mbili. Mwanzo nilijiambia kosa langu ni kumuaibisha mtu hadharani, na hilo ni kosa, halina mjadala. Lakini liko jingine chini yake. Mimi nilicheka kule kungoja kwenyewe. Nilifanya kana kwamba kungoja ni upuuzi, ni kazi ya wasio na kazi. Na mimi ni imamu ninayesimama mbele ya watu ambao ibada yao ya mwezi mzima ni kungoja. Tunangoja mwezi uandame. Tunangoja adhana ya magharibi, kisha kumi la mwisho. Tunangoja usiku mmoja ambao hatukuambiwa hasa ni upi, tukaachiwa tuutafute. Ukiondoa kungoja ndani ya saumu, umebakisha njaa.

Na tumefundishwa katika hadithi sahihi jambo ambalo kila nikilisoma linanishtua: kwamba mtu aliyekaa kuingoja swala anahesabiwa kuwa yumo ndani ya swala, muda wote ambao swala hiyo ndiyo iliyomzuia asiondoke. Hajapiga takbiri bado. Amekaa tu kwenye mkeka, pengine ameegemea nguzo. Lakini kwa Mola wake yumo ndani. Malaika wanamuombea.

Fikiri maana yake, ndugu yangu. Sisi tunadhani kungoja ni sehemu tupu kati ya vitu viwili, kama mtu aliyekaa stendi: hayuko alikotoka wala hajafika aendako. Hadithi inatwambia sivyo. Anayengoja keshafika kwa moyo, mwili ndio umechelewa. Basi ikiwa anayengoja swala yumo ndani ya swala, mimi usiku ule wa 27 nilikuwa ndani ya nini? Miguu ilikuwa kwenye busati la msikiti, na mimi nilikuwa ndani ya gari ambalo halijatengenezwa kikamilifu, kwenye barabara ya Ujerumani. Hilo ndilo lililonihuzunisha nilipokumbuka, si gemu. Na linahusu wengi ambao hawajawahi kushika gemu maishani mwao. Yuko anayengoja kontena bandarini, yuko anayengoja jibu la viza, yuko anayengoja matokeo ya uchaguzi. Yumo humo, na tumempanga safu ya kwanza.

Narudi kwa bibi. Baada ya kunikumbusha saiba hakunipa nafasi ya kujitetea. Akaniambia mjukuu wake huyo, tangu mwezi wa Rajabu, ana kibubu chini ya kitanda. Jumamosi na Jumapili anakwenda gereji ya mjomba wake, anaosha injini, anashikilia tochi, anachopewa anatia kibubuni. Hajamuomba mtu shilingi. Jioni anamweleza bibi yake mambo ya ekseli na matairi mpaka bibi anasinzia. Kisha akasema neno lililonifanya niandike tafakuri hii badala ya ile niliyokuwa nimekwisha kuiandaa: "Huyu anangoja kitu. Yule wa nyumba ya pili hangoji kitu. Anakaa pale maskani na muguka mdomoni, ukimuuliza kesho utafanya nini, anakwambia kesho ni kesho. Wewe Shekhe, yupi kati yao wa kukutia hofu?"

Wallahi sikuwa na jibu. Miaka mingapi nafundisha, darasani na chuoni, na sikuwahi kulitazama hivyo. Mtoto anayeweza kungoja jambo miezi minane, akalifanyia kazi, akalihifadhi kwa kichwa, huyo moyo wake uko hai. Ana kile chombo ambacho kwacho mtu humngoja Mola wake. Unaweza kuhuzunika kwamba amekitilia maji badala ya asali, lakini chombo kizima anacho. Yule wa maskani chombo chake kimevunjika, na mimi Jumatatu sikumtaja kabisa. Nilimpiga aliyekuja msikitini.

Imamu Ghazali ana mfano wa mkulima. Aliyelima ardhi nzuri, akatia mbegu njema, akamwagilia, akang'oa magugu, kisha akakaa kungoja mavuno, huyo kungoja kwake ndiko kunakoitwa matumaini. Aliyeacha shamba limejaa miiba kisha akangoja mavuno, huyo amejidanganya tu. Basi mpime kijana wa kibubu kwa mzani huu. Mbegu ametia, maji ametia. Kisha jipime wewe, nami nijipime, kwa Lailatul Qadri tunayosema tunaingoja. Kesho usiku kumi la mwisho linaingia. Nani kati yetu ana kibubu chini ya kitanda?

Hapa nataka nikae kidogo juu ya jambo la "kweli", kwa sababu ndilo linalowavuta vijana hawa na sisi wazee hatulielewi. Tunaona ni mtoto anashika vitufe. Wao wanachokitafuta ni ukweli. Watengenezaji wa magemu haya huichukua barabara ya mbio wakaipima kwa miale ya leza, mpaka kiraka na kibonde kidogo kikaingia kwenye kompyuta kama kilivyo. Huweka vinasa sauti kwenye gari la kweli ili injini ilie kama inavyolia. Mwaka 2020 gemu la WRC 9 lilikuja na Safari Rally yetu ya hapa Kenya ndani yake, na mwaka huo huo Safari yenyewe ilifutwa kwa ajili ya korona. Ikarudi 2021. Basi vijana wakawa wanakimbiza magari kwenye vumbi la Naivasha la kwenye kioo, na Naivasha ya kweli kimya. Ni mwaka ule ule misikiti yetu ilifungwa tukasali tarawehe majumbani, kila mtu na watoto wake sebuleni. Mnakumbuka tulivyoungoja mlango wa msikiti ufunguliwe? Watu wazima walilia siku ile. Leo mlango uko wazi, na baada ya rakaa nane safu za nyuma zinaanza kupungua. Lakini hilo niliache, nisije nikamuaibisha mwingine.

Ukweli wa gemu unafika mbali sana. Yuko kijana wa Uingereza, Jann Mardenborough, aliyeshinda mashindano ya wachezaji wa Gran Turismo mwaka 2011, akapewa mafunzo na gari la kweli, na mwaka 2013 timu yake ikamaliza ya tatu katika daraja lake kwenye mbio za saa 24 za Le Mans. Filamu yake ilitoka 2023, vijana wengi wameiona. Hapo ukisema gemu ni uongo mtupu, watakucheka wewe. Lakini kijana huyo huyo mwaka 2015 alikuwa kwenye Nürburgring, ile ile ya kichwani mwangu usiku wa 27, na gari lake likaruka juu, likavuka uzio, na mtazamaji mmoja akafariki. Simlaumu dereva, ilikuwa ajali. Natazama kitu kimoja tu. Kona ile nimeipita mara ngapi sijui, kwenye kochi la binamu yangu, nikapinduka, nikabonyeza kitufe, nikaanza upya. Kila kitu wamekiiga, uzito, sauti, mwangaza wa jua la jioni, na kitu kimoja hawakukiiga wala hawawezi: kwamba kinachopita hakirudi.

Ramadhani hii hakuna wa kuiahirisha, wala kuisogeza mbele kwa sababu hujawa tayari. Gran Turismo 5 ilipofika Oktoba ikasogezwa tena, kutoka tarehe 2 Novemba mpaka 24, nami nikakasirika kama mtu aliyenyimwa haki yake. Usiku wa 27 wa mwaka ule ulikuwa umepita mwezi mmoja nyuma, na sikuukasirikia hata kidogo.

Mtauliza, je, lilipofika? Lilifika. Binamu aliporudi safari nyingine alikuja nalo. Tulikaa mbele ya televisheni mpaka alfajiri. Magari yalikuwa zaidi ya 1000 kweli, ila kama 200 tu ndiyo yaliyotengenezwa kwa umakini mpya, hayo mengine mia nane na kitu yalitolewa kwenye magemu ya zamani, na watu dunia nzima walinung'unika. Mimi sikunung'unika, nililipenda. Lakini baada ya wiki tatu hivi nililiweka, na nikagundua kwamba ninachokikumbuka kwa utamu ni yale ya saiba, zile video za nusu dakika. Kungoja kulikuwa kutamu kuliko kufika. Vitu vingi vya dunia viko hivyo, na aliyeoa, aliyejenga, aliyenunua gari la kweli atanielewa, ingawa wa kwanza hapo atakanusha akiwa mbele ya mkewe. Mfungaji yeye ametajiwa furaha mbili, moja anapofuturu, nyingine atakapokutana na Mola wake, na hiyo ya pili ndiyo pekee ninayoijua ambayo kufika kwake kumeahidiwa kuwa kukubwa kuliko kuingoja.

Neno la mwisho juu ya farasi. Nimesema waliandaliwa kabla ya mbio. Waarabu wana jina la maandalizi hayo, tadhmiri. Farasi analishwa anenepe, kisha anapunguziwa chakula kidogo kidogo, anafunikwa ndani ya zizi apate joto atoke jasho, mpaka mafuta yamwishe abaki na nguvu na wepesi. Njaa ile si adhabu. Anaandaliwa kwa siku anayoijua mwenye farasi. Na kutokana na asili hiyo hiyo ya neno likapatikana midhmari, uwanja wa mbio. Imepokewa kwamba Hasan al-Basri aliiita Ramadhani kwa jina hilo hilo, uwanja ambao viumbe wanashindania utiifu, wengine wakatangulia na wengine wakabaki nyuma. Basi siku 19 tumepunguziwa chakula. Sijui kama tumekuwa wepesi. Mimi bado nasikia uzito.

Kijana wetu, najua rafiki zako watakupelekea ujumbe huu hata kama umejitoa kwenye chaneli. Nilikukosea. Naandika hapa wasome watu wote, na kesho alasiri, nikiwa nimekaa pale pale nilipokaa Jumatatu, nitasema kwa sauti ile ile. Huna haja ya kuwapo wakati nasema. Huenda ikakuwia vigumu, na ni haki yako. Lakini tarawehe njoo. Pale karibu na nguzo hajakaa mtu, nimeona. Na nimeleta kutoka nyumbani lile daftari la 2010, liko kwenye kabati la misahafu, tarehe iko nyuma kwa wino wa bluu, kama bibi yako hajakwambia.

Kwa wengine wote: kuanzia kesho, usiku wa kuamkia 21, qiyamu itaanza saa nane usiku, inshaallah. Daku itakuwa hapa msikitini kwa atakayebaki. Kina mama mlango wa kando utakuwa wazi. Wanaotaka kujiandikisha itikafu wamuone muadhini leo baada ya isha. Na anayemjua yule kijana wa maskani, wa nyumba ya pili, nitaomba anifuate baada ya futari twende pamoja tukamsalimie. Mimi sijui hata jina lake.

Wabillahi tawfiq.
Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.